Nati Uliyosahau Kuitaja

Naona muhula umeanza, maana malalamiko nayo yameanza. Mwalimu wa chuo wa Al Khoud, hapa Maskati, ananiambia wanafunzi wake ni magogo. Wa Mawaleh anasema watoto wa siku hizi hawana hamu, simu zimewala akili. Wa Ruwi hata salamu hakutoa, kaanza moja kwa moja: kazi yangu naijua nje ndani, dada, lakini nikifundisha hawashiki, wana nini hawa? Wana nini! Nilitaka kukuuliza wewe una nini, lakini naona umeshachoka, basi njoo ukae kitako tuzungumze kwa upole.

Nawajua nyinyi. Wengi wenu hamkusomea ualimu. Mmetoka karakana, hotelini, wodini, kwenye kampuni za mafuta, mkaitwa vyuoni kwa sababu kazi mnaijua na nchi inataka vijana wake wazishike kazi zake wenyewe. Heri kabisa. Lakini hakuna aliyekukalisha chini akakufunza namna ya kumkalisha mtu chini ukamfunza. Umepewa ratiba, ufunguo wa darasa na slaidi za aliyekutangulia, ukaambiwa bismillah, ingia. Sasa ukijiona unababaika mbele ya vijana thelathini, usidhani umerogwa. Wenzako wamejaa tele mji huu, wengine wana nywele nyeupe na bado wanababaika, ila wao wamejifunza kuficha.

Ninalotaka ulisikie leo ni moja: kuijua kazi na kujua kuifundisha ni vitu viwili, na mara nyingine cha kwanza ndicho kinachokuzibia cha pili. Usinune. Ngoja nikuonyeshe.

Chukua bomba la shaba la kiyoyozi, kwani Maskati bila kiyoyozi mwezi wa Juni hapakaliki, na mafundi wake hawaishi kutakiwa. Kijana wako anatakiwa alikate bomba, asafishe mdomo wake kwa ndani, aupanue ule mdomo ukae sawasawa kwenye kiungio, halafu afunge nati. Wewe unaifanya kazi hiyo huku unazungumza habari za mpira. Sasa itazame mikono yako. Kabla ya kupanua mdomo, umeipitisha nati kwenye bomba. Hukusema. Hujui hata kama umeipitisha, mkono umejiendea wenyewe. Na ulipokuwa ukisafisha mdomo, ulilielekeza bomba chini ili vichembe vya shaba vidondoke nje visije vikasafiri na gesi mpaka kwenye kompresa. Hilo nalo hukusema.

Zamu ya kijana. Anakata vizuri, anapanua vizuri, mdomo umetoka wa kupendeza, anainua macho kutafuta nati, anaiona iko juu ya meza inamtazama. Mdomo uliopanuka hauipitishi tena. Akate upya. Wenzake wanacheka, naye masikio yamemshika moto, na wewe unatikisa kichwa unasema nimewaonyesha mara mbili hawa. Umewaonyesha, ndiyo. Hukuwaambia. Jicho la mwanafunzi halijui pa kutazama, linafuata kile kifaa kikubwa kinachong'aa, na nati imepita kimyakimya kwenye vidole vyako.

Kijana huyo akirudi kwenye chumba alichopanga na wenzake hatasema mwalimu alisahau kunitajia nati. Atasema mimi sina mkono wa ufundi. Hapo ndipo uchungu ulipo, mdogo wangu. Kosa ni lako, na anayelibeba ni yeye. Wiki ya pili atakaa nyuma. Wiki ya nne atakuja amechelewa. Muhula ukiisha utaandika kwamba hana bidii.

Na wala usijione wa kwanza. Mmarekani mmoja, Charles Allen, aliyeshughulika na mafunzo ya ufundi, aliyaona haya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, viwanda vya meli vilipotaka mafundi wengi kwa haraka. Ikaonekana fundi hodari si lazima awe mwalimu. Mwaka 1919 akatoa kitabu akiwaandikia watu kama nyinyi, wenye kazi mikononi na darasa mbele yao, akawapa hatua nne: mwandae mwanafunzi, mwonyeshe, mwache afanye mwenyewe, kisha mpime. Vita vya pili vilipokuja, Marekani ikaichukua njia hiyo ikaitia kwenye mpango wake wa kufunza wasimamizi wa viwandani, ulioitwa TWI, kuanzia 1940 hadi 1945. Kozi ya namna ya kumfunza mtu kazi ilikuwa ya saa 10 tu, vikao vitano vya saa mbili mbili. Katika mpango mzima walipita watu zaidi ya 1,500,000. Saa kumi! Nawe mwenzangu umetumia zaidi ya hizo kunung'unika kwenye chumba cha walimu.

Walichowafunza pale kilikuwa kitu cha karatasi moja. Upande mmoja unaandika hatua za kazi. Upande wa pili unaandika siri za kila hatua: kinachoiharibu kazi usipokizingatia, kinachoweza kumuumiza mtu, na kile kiujanja kinachorahisisha mambo ambacho mafundi wanakijua na vitabu havina. Nati yako inakaa upande wa pili. Hata kulielekeza bomba chini, na namna ya kusikia kwa mkono kwamba umekaza inavyotosha. Basi jioni moja kabla ya somo, andika karatasi hiyo. Halafu mwite mdogo wako aliye darasa la tisa, au mkeo kama ana subira nawe, mpe vifaa, wewe mikono iweke nyuma ya mgongo, umwelekeze kwa maneno tu. Utaona utakavyotapatapa. Kila pale mikono itakapokuwasha umnyang'anye kifaa, hapo pana kitu hujakiandika.

Wa hospitali msinicheke, hii si habari ya mafundi bomba peke yao. Mwuguzi anayefunza kupima shinikizo la damu naye ana nati yake. Mpishi anayefunza sosi anayo. Hata mhasibu anayefungua kompyuta na kubonyeza mara tatu kabla wanafunzi hawajajua yuko ukurasa gani.

Sasa tuje kwenye lile linalowadanganya wengi. Unamaliza kueleza, unauliza, mmefahamu? Darasa zima: naam, ustadh. Nawe unafurahi unasonga mbele. Ala! Hiyo naam umeiamini? Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe utausikia siku ya mtihani.

Mfikirie aliyekaa mbele yako. Kasoma miaka 12 kwa Kiarabu. Kapita mwaka wa msingi wa chuo, huu wenye viwango vya taifa tangu 2008, akafunzwa Kiingereza, hesabu, kompyuta na namna ya kusoma. Kaupita kwa jasho. Leo unammwagia istilahi ishirini kwa pumzi moja, kwa lafudhi uliyorudi nayo kutoka Manchester. Nusu ya akili yake inatafuta maana ya neno, nusu inakimbilia sentensi iliyokwisha kupita. Na kuuliza hathubutu. Wasichana wamekaa upande huu, wavulana ule, binti wa Ibra au wa Ibri akiinua mkono akakosea mbele ya wavulana, kwake ni aibu ya kwenda nayo mpaka kwao. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, wazee wamesema, lakini wewe umemtengenezea njia ya kuuliza?

Kuna mama mmoja mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alikaa madarasani akipima mwalimu anangoja muda gani baada ya kuuliza swali. Akakuta ni kama sekunde moja, basi, mwalimu keshajibu mwenyewe au keshamrukia mwingine. Walimu walipojizuia wakangoja sekunde tatu au zaidi, majibu yakarefuka, na waliokuwa wamenyamaza wakaanza kusema. Sekunde tatu ni ndefu, nakuambia, utahisi dunia imesimama. Ngoja. Kunywa maji. Mwenzako anatafsiri kichwani.

Na lile swali la mmefahamu litupe kabisa. Sema: nionyeshe. Mwambie kila mmoja aandike jibu kwenye kijikaratasi, amwonyeshe jirani yake, wakubaliane, ndipo umwombe mmoja aseme la wawili. Yule binti hapo atasema, kwa sababu aibu ikija itagawanywa, na jibu keshalijaribu kwa mtu mmoja kabla ya kulitoa kwa thelathini. Nawe pita kati ya meza, chungulia karatasi. Ukiona wengi wamekosea mahali pamoja, usiwachukie. Hapo pana nati nyingine.

Habari ya lugha ina miiba, nitaigusa kidogo. Majina ya vifaa wafunze kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo yaliyoandikwa kwenye mashine na ndiyo watakayoulizwa kazini. Lakini ile fikra, ile kwa nini, ukiweza kuitoa kwa Kiarabu kwa dakika mbili ikaingia, itoe. Kama chuo chako hakitaki kusikia Kiarabu darasani, basi mpe kitu chenyewe mkononi, mchoree, mwonyeshe kilichoharibika na kizima aviweke pamoja. Kitu cha kushikwa hakihitaji mkalimani.

Na nyinyi wa kwetu, wenye bibi kutoka Unguja na Pemba, njooni karibu hili nawanong'oneza. Acheni kupiga soga za Kiswahili na yule mwanafunzi mmoja mliyegundua mnajuana kwao. Najua ni raha. Unamtania kidogo, anacheka, somo linachangamka. Lakini wa Nizwa na wa Rustaq wamekaa pale hawaelewi mnacheka nini, na mtu asiyeelewa kicheko hukiona kinamhusu. Alama zikitoka, yule wenu akapata nzuri, hata kama kazipata kwa haki, hapana atakayeamini. Soga wekeni kwenye mgahawa baada ya kazi, na chai ya maziwa.

Mkali wa Al Khoud, wewe wa magogo, sijakusahau. Umeniandikia kwa fahari kwamba umemsimamisha kijana mbele ya darasa ukamwambia bora akauze maji barabarani. Mdogo wangu! Hukumfunza kitu siku hiyo. Wala wale wengine hukuwafunza, walikuwa wanaomba tu usiwaone. Mtu aliyevunjiwa uso hasikii, masikio yake yanapiga ngoma. Kosa la kazi lisahihishe hapohapo mkononi, kwa sauti ya chini, ukilitaja kosa bila kumtaja mtu: hapa mdomo umepasuka, umekaza mno, kata tena. La tabia, mwite pembeni. Na kama neno limeshakutoka, mwendee umtake radhi, tena wenzake wakisikia ni bora zaidi. Heshima haitapungua. Vijana wa hapa wana adabu, wanavumilia mengi, lakini hawasahau, na mji huu mdogo, utakuja kumkuta kwenye harusi ya mpwa wako.

Kuna waliolalamika juu ya simu. Simu ni tatizo, sikatai. Ila nikuulize, kijana anapotoa simu wewe huwa unafanya nini? Unasoma slaidi. Umewapa mgongo, unasoma neno kwa neno maandishi ambayo wao pia wanayaona. Mtu anayeweza kusoma peke yake akisomewa hulala, au hufungua simu, na akifungua simu angalau hajakoroma. Slaidi iwe ya picha, mchoro, jedwali. Maneno yatoke kinywani mwako, na mikono yao iwe na kazi kila baada ya dakika chache. Sikukatazi kuhutubu, ila hutubu kidogo halafu wafanye.

Ratiba nayo ina ukatili wake. Aliyepangiwa Alhamisi mchana anajua: akili za vijana ziko njiani tangu asubuhi, Sur ni kilomita kama 200, kila mmoja anataka akalale kwao. Na wa Jumapili asubuhi anapokea watu walioamka kabla ya alfajiri, wamefika na usingizi machoni. Basi usiwe na pupa ya kukimbiza mtaala siku hizo. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Alhamisi wape kazi ya mikono, hesabu mpya usiwaletee. Ramadhani, saa zinapofupishwa, chagua mambo mawili wayashike badala ya saba wayaone. Kumaliza kitabu ni raha yako wewe na mkuu wa idara, mwanafunzi hana fungu humo.

Jumapili ndiyo siku ya kuwauliza ya wiki iliyopita. Madaftari yamefungwa, maswali matatu tu, hakuna alama. Watagugumia. Waache wagugumie, kule kuvuta jambo kutoka kichwani ndiko kunakolitia msumari. Wataalamu wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima hili mwaka 2006 kwa wanafunzi wa chuo. Kundi moja lilisoma makala likairudia kuisoma, jingine likasoma kisha likajipima kwa kuikumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliobaki na kitu. Unaona mtego ulipo? Ukiwapima palepale utadhani kusoma na kurudia kunatosha. Mwajiri hatamwuliza kijana baada ya dakika tano.

Najua wapo watakaosema, dada, wewe hujui vifaa tulivyonavyo, chuo hakina hiki, karakana haina kile. Mimi nawajua waliofundisha kwa pungufu ya hapo. Alipoingia Sultan Qaboos mwaka 1970 nchi nzima hii ya Oman ilikuwa na skuli tatu za serikali na wavulana kama 900. Watu waliorudi kutoka Unguja na bara wakaingia kazini, mama zetu na shangazi zetu wakiwemo, wengine wakifundisha kwenye mahema, zamu ya asubuhi na zamu ya jioni, na vitabu vya kugawana. Ukimkuta mmoja wao aliyebaki, pale Seeb au Ghubra, mpelekee halwa umuulize alifanyaje. Hatakuambia habari za vifaa. Atakuambia alikuwa anawajua watoto wake kwa majina, baba zao, na nani hakula. Wewe muhula wa pili huu, umeyajua majina mangapi?

Leo hali ni nyingine. Kile chuo cha Al Khuwair kilianza mwaka 1984 kama chuo cha ufundi wa viwanda, na tangu 2020 kimo ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi pamoja na vyuo vingine vya mikoani. Vyuo binafsi navyo vimejaa. Majengo yapo. Warsha za walimu zipo, na mialiko huwa inakuja kwenye barua pepe unaifuta kabla ya kuifungua. Nenda. Lakini usiende kutafuta cheti cha kutundika. Rudi na jambo moja, ulijaribu wiki ile ile, kwa sababu ukilingoja likomae litakuozea.

Na mwombe mwenzako aje kukaa nyuma ya darasa lako. Najua, umeshasikia tumbo linacheza. Mnakaa chumba kimoja cha walimu miaka, mnagawana tende na kahawa, na hapana anayejua mwenzake anafundishaje, kama vile darasa ni chumba cha kulala. Mchague mtu usiyemwogopa, hata awe wa fani nyingine, tena huyo ndiye bora, kwa sababu hajui kazi yako na nati zote zitamponyoka. Mwambie asikupime wewe, awatazame wanafunzi: nani alipotea, alipotea dakika ya ngapi, nilikuwa nasema nini. Kisha nawe nenda kwake. Halafu usingoje zile fomu za tathmini za mwisho wa muhula, zinazokuja wakati maji yameshamwagika na kukukosesha usingizi bure. Wiki ya nne wape vijikaratasi bila majina, waandike kwa lugha yoyote wanayotaka: kitu gani hujakielewa mpaka sasa? Ukishavisoma, darasa linalofuata waambie umesoma nini na utabadilisha nini. Usipowaambia, hawatakuandikia tena, na haki yao.

Nimebakiwa na swali la mdogo wetu mmoja wa Ghubra, ameanza kazi mwaka huu. Mwanafunzi kamwuliza jambo hakulijua, akaona aibu, akatunga jibu, sasa hana raha, anaogopa watakuja kugundua. Watagundua, mpenzi, wana intaneti mfukoni. Kesho ukiingia, kabla ya kufungua kompyuta, sema: lile jibu nililowapa Jumatatu halikuwa sahihi, sahihi ni hili, na nimelipata mahali fulani. Waonyeshe mahali hapo wajionee. Siku nyingine ukiulizwa usilolijua sema sijui, liandike swali ubaoni kwenye pembe, uliache hapo wanalitazama, na somo linalofuata urudi na jibu. Usiporudi nalo, hapo ndipo uje kwangu na aibu yako tuizungumze.